Shahada ya pili isimtoe mwalimu katika maabara

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapotangaza nafasi za masomo ya uzamili, walimu wa sayansi wa shule za sekondari husoma matangazo hayo kwa hamu, kisha wengi wao huyaweka chini kwa masikitiko. Si kwamba hawapendi kusoma. Masharti yaliyoandikwa humo ndiyo yanayowarudisha nyuma, na masharti hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame leo, kwa kuwa naona yalitungwa pasipo kumfikiria mwalimu.

Sharti la kwanza lajulikana na kila mtu. Anayetaka kusomea shahada ya pili hana budi awe na shahada ya kwanza yenye wastani wa alama usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5.0, yaani daraja la pili la chini. Wastani huo walimu huuita GPA, na katika vyumba vya walimu hutajwa kama watu wanavyotaja ugonjwa wa kurithi. Aliyemaliza chuo na 2.6 atakuwa na 2.6 yake mpaka siku ya kustaafu, hata kama katika miaka hiyo amefundisha kemia kwa vidato ishirini vilivyofuatana na kuwatoa madaktari na wahandisi. Baadhi ya vyuo humfungulia mlango wa uani: asome kwanza stashahada ya uzamili, kisha aombe upya. Huo ni mwaka mwingine wa ada, nayo ada hutoka katika mshahara ule ule unaosomesha watoto na kumtunza mama kijijini.

Sharti la pili halisemwi sana, nalo ndilo gumu zaidi. Idara za fizikia, kemia na baiolojia humtaka mwombaji awe amelisoma somo lenyewe kwa kina katika shahada ya kwanza. Sasa mwalimu wetu alisoma shahada ya sayansi pamoja na elimu. Katika miaka mitatu alibeba masomo mawili ya kufundishia, tuseme kemia na baiolojia, na juu yake saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha, mitaala, upimaji, na mazoezi ya kufundisha shuleni. Ni dhahiri kwamba kemia yake ni pungufu ikilinganishwa na ya mwenziwe aliyeisoma ili akafanye kazi kiwandani au katika maabara ya uchunguzi. Upungufu huo si wa uvivu. Taifa ndilo lililomtaka asome hivyo, kwa sababu lilihitaji mwalimu mmoja wa kuingia madarasa mawili. Leo anapotaka kuendelea, anaambiwa kwamba alichokisoma kwa kuagizwa hakitoshi.

Nimefundisha sayansi katika shule za Serikali kwa muda mrefu, nami nitataja watu wawili tu niliofanya kazi nao, bila kutaja majina yao wala shule yetu. Wa kwanza ndiye huyo wa 2.6. Alikuwa mtu wa maabara hasa. Bureti zetu zilipovunjika zote isipokuwa mbili, aliwapanga wanafunzi kwa zamu mpaka saa mbili za usiku, kila mmoja apime asidi kwa mkono wake mwenyewe, asije akaiona bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa Kidato cha Nne. Aliomba kusomea kemia mara mbili, akakataliwa mara mbili, na mara ya tatu hakuomba.

Wa pili alikuwa na wastani mzuri, wa 3.1. Huyu alikubaliwa kwa maneno lakini akaelezwa kwamba ingembidi arudie masomo kadhaa ya shahada ya kwanza, aache kazi kwa miaka miwili au mitatu, na ajitafutie fedha za utafiti. Akafanya alichofanya kila mtu mwenye akili. Akajiandikisha katika shahada ya pili ya uongozi wa elimu, akasoma jioni na siku za mwisho wa juma, akahitimu, na baada ya muda mfupi akahamishiwa ofisini kwenye halmashauri. Simlaumu hata kidogo, na nasikia ni ofisa mzuri. Lakini shule ilipoteza mwalimu wa fizikia, na maabara yake ilifungwa kwa kufuli kwa zaidi ya mwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Shahada ya pili iliyo rahisi kwa mwalimu wa sayansi kuipata ni ile inayomtoa darasani, na ile ambayo ingemrudisha darasani akiwa mwalimu bora zaidi ndiyo iliyozungushiwa miba. Sidhani kama yupo mtu aliyekaa akapanga hivyo. Idara ya kemia inalinda hadhi ya kemia, idara ya elimu inapokea wateja wake, mwajiri anatazama vyeti, na mwalimu anafuata njia iliyo wazi. Kila mmoja ana haki upande wake, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ndiye anayelipa.

Huenda msomaji akauliza: je, mwalimu wa sekondari anaihitaji shahada ya pili ya sayansi kweli? Kitabu cha kiada si kinatosha? Nitamjibu kwa kisa kinachojulikana na wanafizikia wa dunia nzima, ingawa hapa kwetu hakisimuliwi inavyostahili. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka maziwa yake katika jokofu yangali moto, naye akaona yameganda kabla ya ya mwenziwe yaliyokuwa yamepoa. Alipomweleza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amekosea, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimwuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuizungumzia sayansi shuleni hapo. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wao wawili wakachapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Mpaka leo wanasayansi wanabishana. Wengine wanasema tukio hilo lipo, wengine wanasema vipimo vikifanywa kwa uangalifu halionekani. Hata hivyo, linaitwa kwa jina la mwanafunzi wa Kitanzania.

Tofauti kati ya yule mwalimu na yule mhadhiri haikuwa wingi wa maarifa juu ya joto. Wote wawili waliijua kanuni iliyoandikwa kitabuni. Mmoja alikuwa amezoezwa kufanya utafiti, na mtu aliyezoezwa hivyo akisikia jambo geni huuliza tutalipimaje. Mwingine alikuwa amezoezwa kupitisha kwa wengine yale aliyopokea. Mazoezi hayo ya kupima ndiyo kitu pekee ambacho shahada ya pili ya sayansi inaweza kumpa mwalimu na ambacho semina ya siku tatu haiwezi. Nami nafurahi kukumbusha kwamba Mkwawa ile ile, tangu mwaka 2005, ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachowafunza walimu, wakiwamo wa sayansi.

Tena sayansi yenyewe haikai mahali pamoja. Mwalimu aliyehitimu mwaka 2000 alijifunza kwamba kilo moja ni uzito wa kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei, 2019 sivyo tena. Kilo hufafanuliwa kwa namba isiyobadilika ya maumbile, na moli ya kemia nayo imepewa ufafanuzi mpya. Alijifunza sayari tisa, na tangu 2006 zinahesabiwa nane. Alihitimu kabla ramani ya urithi wa binadamu haijakamilishwa mwaka 2003. Mwalimu hodari atayajua hayo kwa kusoma magazeti na kusikiliza redio. Lakini kuyajua kwa kusikia ni jambo moja, na kuweza kumweleza mtoto yalijulikanaje ni jambo jingine.

Basi, shahada hiyo ingekuwaje? Wamarekani walilikabili swali hili kabla yetu. Walipotikiswa na Sputnik, chombo cha Warusi kilichorushwa angani mwezi Oktoba 1957, waliongeza sana fedha za umma kwa ajili ya vyuo vya likizo kwa walimu wa sayansi na hisabati. Mwalimu alifundisha mwaka mzima, na likizo ya kiangazi ilipofika alikwenda chuoni. Baadhi ya vyuo vikuu vyao vikaweka shahada ya pili ya sayansi asilia kwa ajili ya walimu, isiyofanana na ile ya mtafiti wa maabara: mwalimu hakuzama katika tawi moja dogo la kemia, bali alipanua na kuimarisha kemia, fizikia na baiolojia yake kwa pamoja, kwa kuwa hayo ndiyo atakayokutana nayo darasani. Sina haja ya kuyasifu yote ya Marekani. Hilo moja, hata hivyo, walilifikiria vizuri.

Hapa kwetu shahada ya uzamili ina krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 1,800. Tukichukua wiki nne za likizo ya Juni na wiki nne za Desemba, kwa saa 40 kila wiki, tunapata saa 320 kwa mwaka, na kwa miaka minne saa 1,280. Zinabaki saa 520, ambazo ni za tasnifu, na tasnifu hiyo ifanywe shuleni kwake. (Mke au mume wa mwalimu huyo atakuwa na lake la kusema juu ya Desemba nne mfululizo, nami sitaingilia.) Hesabu inakubali pasipo darasa hata moja kukosa mwalimu.

Nikisema tasnifu ifanywe shuleni, sina maana ya maandishi juu ya mitazamo ya wanafunzi kuhusu somo la kemia. Hayo tunayo ya kutosha, yamejaa vumbi. Nina maana ya sayansi yenyewe. Mwalimu wa kemia katika shule zilizozunguka Mlima Meru ana utafiti mlangoni pake: maji. Maji ya sehemu nyingi za kaskazini yana madini ya floraidi kwa wingi, na meno ya kahawia ya wanafunzi wake ni ushahidi anaoutazama kila asubuhi mstarini. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa miaka mingi sisi tuliruhusu mpaka miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa sababu hatukuwa na maji mengine. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuiondoa. Je, kisima cha shule kina kiasi gani mwezi Machi mvua ikinyesha, na kiasi gani mwezi Oktoba? Mkaa wa mifupa unadumu muda gani kabla ya kuchoka? Mwalimu na wanafunzi wake wakilipima jambo hilo kwa miaka miwili, chini ya uangalizi wa mhadhiri, watakuwa wamefanya kemia halisi yenye kustahili shahada, na kijiji kitapata jibu. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha hufundisha masomo ya uzamili tu, na suala la floraidi si geni kwake.

Mwalimu wa baiolojia wa upande wa Udzungwa naye ana chura wa Kihansi, ambaye wanasayansi walimtambua mwishoni mwa miaka ya 1990, akatoweka porini baada ya mradi wa umeme kupunguza maji ya maporomoko, akahifadhiwa Marekani, na kuanza kurudishwa nyumbani mwaka 2012. Siorodheshi zaidi. Kila wilaya inalo la kwake.

Nageukia masharti. Ndugu zetu wahadhiri watasema kwamba mlango ukipanuliwa, hadhi itashuka. Hofu hiyo ni ya haki, wala haifai kupuuzwa. Vyeti vingi vimekwisha kupoteza thamani nchini mwetu kwa kutolewa ovyo. Lakini hadhi ya shahada hulindwa zaidi pale mtu anapotoka kuliko pale anapoingia. Mwombaji aliyefundisha somo lake kwa miaka isiyopungua mitano apewe mtihani wa kuingilia, nusu wa maandishi na nusu wa maabara. Akishinda, 2.6 yake iwekwe kando. Palipo na upungufu wa somo, asome kozi za kujazia ndani ya programu hiyo hiyo badala ya kurudishwa nyuma. Kisha mtihani wa mwisho na tasnifu viwe vigumu kama vya mtu mwingine yeyote, na atakayeshindwa ashindwe.

Wala wazo la kuhesabu kazi kama sifa ya kuingia chuo kikuu si geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na maoni ya mahali pa kazi yahesabiwe. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, ukalegezwa baadaye, nami sipendekezi turudi huko. Najiuliza tu ilikuwaje tukatoka mahali ambapo kazi ilikuwa sharti la lazima, tukafika mahali ambapo miaka kumi na mitano ya kazi haina uzito wa desimali moja.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo naliogopa zaidi, nalo ni kuifanya shahada hiyo kuwa ya lazima. Nimesikia wenzangu wakisifu mfano wa Finland, ambako tangu mwaka 1979 hata mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kuwa na shahada ya pili. Ni kweli. Lakini Finland ni nchi yenye watu wasiozidi milioni sita, ambako vijana hugombania kuingia ualimu na wengi hukataliwa. Katika jimbo la New York, Marekani, mwalimu hupewa muda wa miaka kadhaa awe ameipata shahada ya pili ili apate cheti cha kudumu. Na huko huko Marekani, uchunguzi uliofanywa tangu miaka ya 1990 umeonyesha mara nyingi kwamba shahada ya pili, ikihesabiwa kwa jumla tu, haiongezi ufaulu wa wanafunzi kwa kiasi cha kuonekana. Tofauti imejitokeza zaidi pale mwalimu wa hisabati alipoisomea hisabati yenyewe. Kumlazimisha kila mtu kupata cheti ni kuwatajirisha wauza vyeti.

Sisi tumekwisha kujifunza kwa gharama juu ya pupa katika ualimu. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi tangu mwaka 2004 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, walimu wa kozi fupi walipelekwa kuziba pengo, na wananchi wakawabandika jina la kejeli ambalo walimu hao hawakustahili. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachanga kwa moyo. Majengo yakainuka kwa kasi kuliko walimu wa kuyatumia. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa makwao kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Nchi ambayo bado ina shule zenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vyote vinne haiwezi kumwambia mwalimu huyo kwamba bila shahada ya pili hafai. Iwe hiari, lakini hiari yenye njia.

Mwisho nataka kusema na maofisa utumishi na wakurugenzi wa halmashauri, ambao najua husoma ukurasa huu. Mwalimu anayesoma wakati wa likizo haombi ruhusa ya miaka miwili. Anaomba barua moja, na asipangiwe kazi nyingine mwezi wa Juni. Anaomba pia kwamba akihitimu shahada ya pili ya kemia, cheo chake kipande angali mwalimu wa kemia, sawasawa na yule aliyesomea uongozi na kupewa ofisi. Waraka wa namna hiyo hauhitaji jengo wala mkopo kutoka nje. Vyuo vikuu vikianza kutunga mtihani wa kuingilia mwaka huu, kundi la kwanza laweza kuingia chuoni Desemba ijayo, na yule ndugu yangu wa 2.6, ambaye amebakiwa na miaka tisa ya utumishi, angewahi kumaliza na kufundisha kwa miaka mingine mitano.